Mama yangu yu hai: barua ya wazi kwa wanaohamishia huduma zote kwenye simu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia, kwa wakuu wa taasisi za umma na mifuko ya mafao, na kwa kila mkurugenzi ambaye mezani kwake kuna mpango wa kufunga dirisha la huduma.

YAH: KUMRUDISHA SHAHIDI

Waheshimiwa,

Ninaijua namba ya siri ya mama yangu. Ninaijua kwa kichwa, kama ninavyolijua hadi leo sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha baba, maana nililiandika juu ya bahasha nyingi sana nikiwa sekondari ya bweni. Sanduku lile nilifundishwa nilikariri. Namba hii ya siri sikutakiwa kuijua. Kila mara mama anaonywa kwa ujumbe mfupi asimpe mtu yeyote, hata wa nyumbani kwake. Lakini naijua mimi, anaijua mdogo wangu, na kwa miezi kadhaa mwaka 2024 neno lake la siri la mtandaoni alilijua pia binti mmoja wa stesheneri pale Korogwe mjini. Nawaandikia kueleza tulifikaje hapo, na kuomba mambo ambayo naamini mnaweza kuyafanya.

Nilizaliwa mwaka 1985, kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Korogwe. Wazazi wangu wote wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi. Tulikuwa na redio moja, na betri zake zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yakianza, hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. "Habari ziwafikie..." halafu majina, halafu vijiji, halafu wilaya. Majirani wasio na redio walipita asubuhi kumuuliza mama: "Mwalimu, jana hukusikia jina la kwetu?" Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, sisi wa bara tulisubiri hadi 1994, na mimi binafsi nilisubiri hadi Kombe la Dunia la 1998, tuliloliangalia kwa betri ya gari katika uwanja wa nyumba ya mtu, watu mia kwenye kioo kisichozidi sinia.

Simu za mkononi nazo ziliingia nchini mwaka 1994, lakini kwetu hiyo ilikuwa habari ya Dar es Salaam. Simu ya kwanza katika ukoo ilikuwa ya mjomba, mwaka 2003. Mtandao ulishika sehemu moja tu, chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya zahanati, na pale ndipo watu walipokwenda kubipu na kupigiwa. Nilipoanza kazi Dar, pesa ya nyumbani niliitia kwenye bahasha, nikaigundisha, nikampa kondakta wa basi la Tanga, kisha nikalala na wasiwasi. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia nchini, na baada ya muda bahasha ikakoma. Mwaka uliofuata mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, ukafika pwani yetu, na taratibu tukajifunza neno bando. Sijawahi kuitamani tena ile bahasha. Niliiona furaha ya mama siku ya kwanza alipopokea shilingi 20,000 akiwa amekaa kwenye kigoda chake, bila kupanda gari, bila kumwomba mtu. Alinipigia akaniambia, "Mwanangu, imeingia hapa hapa jikoni."

Nimeyasema haya ili mjue ninayewaandikia siichukii simu wala kompyuta. Ninapoishi sasa ni katikati. Nyuma yangu yuko mama, mwenye miaka zaidi ya 70, na mbele yangu yuko binti yangu wa miaka 12 ambaye hajawahi kuona stempu. Mimi ndiye ninayempokea mama simu inapomwambia "Ombi lako halijakamilika", na ni mimi ninayemwelekeza binti yangu kwamba bibi akipiga na kukata ana maana umpigie. Rafiki zangu wengi wa rika langu wanafanya kazi hii hii, kila siku, bila kulipwa na bila kutajwa popote. Kila mfumo mpya mnaouzindua, sisi ndio tunaoubeba kwenda kwa wazazi wetu. Hatulalamiki kwa kuubeba. Tunacholalamikia ni kwamba mnauzindua kana kwamba hatupo.

Sasa niwaeleze kuhusu kazi ya mama, kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho nchi hii ilikijua na ikakisahau.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama alitoka chuo cha ualimu mwaka 1976, na akakuta kampeni bado ina moto. Asubuhi alifundisha watoto. Jioni, mara tatu kwa wiki, darasa lile lile lilijaa wazazi wa watoto wale wale, kwa taa ya karabai. Kiliitwa kisomo chenye manufaa. Walisoma juu ya pamba, juu ya maji ya kuchemsha, juu ya mizani ya ushirika, yaani vitu vilivyokuwa mikononi mwao. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10, kutoka kwenye nchi ambayo wakati wa uhuru wengi wa watu wazima hawakujua kusoma. Hakuna aliyefanya miujiza. Walimu kama mama walikaa na watu wazima jioni, wakawaheshimu, wakarudia somo hadi lieleweke.

Lakini kuna jambo la pili katika kipindi kile ambalo ni muhimu zaidi kwa hoja yangu. Mzee ambaye hakuwa amejua kuandika bado hakufukuzwa dirishani. Akifika kwenye ushirika au kwa mtendaji, alichovya dole gumba kwenye kidau cha wino, akaligandamiza kwenye karatasi, na mtu anayeaminika akaandika pembeni jina la mzee, kisha jina lake mwenyewe: shahidi. Mama alikuwa shahidi wa nusu ya kijiji. Aliwasomea barua za watoto wao waliokwenda kufanya kazi mbali, akawaandikia majibu, akayajua madeni, ndoa zilizoyumba, mimba, magonjwa. Hajawahi kutuambia hata moja. Hata leo nikimuuliza barua za jirani fulani zilikuwa zinasema nini, ananiambia, "Hizo hazikuwa zangu." Na kwa sababu jina lake liliandikwa pale pembeni, kila mtu alijua nani wa kuulizwa kukitokea tatizo.

Shahidi alikuwa na nafasi kwenye karatasi. Palikuwa na mstari wake. Katika mifumo yenu ya leo mstari huo haupo.

Mwaka 2024 ofisi moja inayolipa mafao iliwataka wastaafu wahakikiwe kwa simu janja. Mnajua uhakiki ni nini: mstaafu athibitishe kwamba yu hai. Apakue programu, aingize namba zake, ashike simu mbele ya uso, ageuke kulia, ageuke kushoto, afumbe macho, afumbue. Mama alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe. Mimi nilikuwa Dar na sikuwa nimepata habari, kwa sababu tangazo lilitumwa kwa ujumbe mfupi, na yeye ujumbe mfupi alishaacha kuufungua tangu alipotapeliwa shilingi 30,000 na ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Alikuwa kweli na mchango wa msiba wa kumtumia mtu siku hiyo, akatuma.

Aliambiwa na mwalimu mwenzake kanisani. Jumatatu akapanda bodaboda hadi mjini na bahasha yake ya kaki: barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu, kitambulisho cha taifa, picha mbili za pasipoti. Ndivyo alivyofanya miaka yote. Dirisha alilikuta limezibwa kwa ubao, na juu ya ubao karatasi: "Huduma hii sasa inapatikana kwa njia ya mtandao." Mlinzi aliyekuwa amekaa pembeni alisimama haraka. "Shikamoo mwalimu." Mama alimfundisha darasa la pili. Mlinzi alimpisha kiti chake, akamletea maji, akamuuliza habari za sisi sote kwa majina. Kisha akamwambia kwa aibu kwamba hana la kufanya, aende stesheneri.

Waheshimiwa, naomba mlitazame jambo hilo vizuri. Mtu mzima aliyefundishwa kusoma na mama yangu amesimama mbele yake, amemwamkia, amempa maji, anamjua kwa jina na kwa sauti. Yeye anaweza kuapa mahakamani kwamba mwalimu yu hai. Ofisi anayoilinda haiwezi kumuuliza. Inaiuliza kamera.

Stesheneri ni pale mkabala na stendi. Kila mji wa Tanzania una kadhaa. Mnazijua, maana ndizo zinazoendesha serikali mtandao yenu kwa wananchi wa kawaida. Pale ndipo mtoto anapoombewa mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa kinapohakikiwa, ajira zinapoombwa, namba ya malipo inapotolewa. Kuna fotokopi, kompyuta mbili, na binti mmoja mwenye subira kubwa kuliko watumishi wengi wa umma niliokutana nao. Alimwita mama "bibi", akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akaweka programu kwenye simu yake mwenyewe. Mama alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto. Kope lile halikufunga vizuri. "Geuka kulia." Akageuka. "Fumba macho." Akafumba. "Uso haujatambuliwa. Jaribu tena." Walijaribu mara kumi na nne. Binti alimwambia arudi kesho asubuhi mwanga ukiwa mzuri. Akarudi. Ikakataa. Akalipa shilingi 3,000 kila siku, ambayo si dhuluma, ni kazi ya watu.

Oktoba pensheni haikuingia. Novemba haikuingia.

Nilipokwenda Jumamosi moja, binti alinionyesha kaunta buku lake ili nimpigie picha namba ya ombi la mama. Lilikuwa limelazwa wazi juu ya mashine ya fotokopi. Safu ya kwanza majina, ya pili namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ya tatu namba za simu, ya nne maneno ya siri. Ukurasa baada ya ukurasa, wazee wa wilaya nzima kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu. Neno la siri la mama lilikuwa jina lake la kwanza na 1954. Nilimuuliza kwa nini ameandika. Akanijibu, "Dada, wakirudi wanakuwa wameshasahau. Nisipoandika tunaanza upya, na kufungua upya ni wiki mbili." Hakuwa mwizi, na sikumwona kama mwizi. Alikuwa anafanya kwa kaunta buku kazi ambayo mfumo umeikataa.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ni sheria nzuri. Lakini mkienda na sheria hiyo pale stendi kumkamata binti wa stesheneri mtakuwa mmekosea mlango. Kaunta buku lile limezaliwa na dirisha lililozibwa. Funga madirisha kumi, yatazaliwa makaunta buku kumi.

Naelewa uhakiki ulitoka wapi. Mwaka 2016 nchi iligundua watumishi hewa zaidi ya 10,000, watu ambao hawakuwepo lakini mishahara yao ilitoka kila mwezi. Mama mwenyewe alikasirika sana wakati ule. Alisema hizo ni chaki na madawati ya watoto yaliyoliwa. Hakuna mstaafu mwaminifu anayepinga kuhakikiwa. Mama angekubali kuhakikiwa kila mwezi. Tunachosema ni kwamba mashine ikishindwa kumtambua mtu, kosa hilo lisigeuzwe kuwa kifo chake. Ndivyo ilivyokuwa: kwenye mfumo mama hakuwa ameandikwa "hajatambuliwa", alikuwa amesimamishwa kama wanavyosimamishwa waliofariki, na sisi tukawa tunatafuta namna ya kumfufua.

Ilichukua wiki tatu. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja, bonyeza moja, bonyeza tatu, subiri, muziki, simu inakatika na salio limeisha. Nilituma barua pepe. Mwishowe ofisa mmoja wa mkoa, ambaye Mungu ambariki, alikubali nimlete mama ofisini. Alitoka nje kwenye baraza, akamtazama, akaangalia kitambulisho, akamuuliza mwaka aliostaafu, akaandika mstari mmoja kwenye faili na kugonga muhuri. Dakika nne. Nilizihesabu. Dakika nne za mtu mwenye mamlaka zilimaliza kazi ya wiki tatu na nauli za watu wawili.

Kuna wenzenu watakaoniambia wazee hawawezi mambo haya, tuwavumilie tu, ni kizazi kinachopita. Naikataa kauli hiyo kwa ushahidi. Mwaka huo huo wa 2024 mita za umeme za malipo ya kabla, kwetu na katika nchi nyingine nyingi, zilihitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zisingepokea tokeni. Ukinunua umeme wakati ule ulipewa tarakimu 20, kisha nyingine 20, ndipo zikafuata tarakimu 20 za umeme wenyewe. Jumla 60, na ukikosea mpangilio hukuweza kuendelea. Habari hiyo mama hakuipata kwa ujumbe mfupi. Aliisikia redioni, akaisikia tena kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kanisani ilisomwa baada ya matangazo ya ndoa. Aliponunua umeme alinakili tarakimu zote kwenye daftari, akazigawa nne nne, akaziwekea namba ya mstari, akasimama mbele ya mita na miwani yake na kuziingiza. Mara ya kwanza. Kisha akaenda kuwaingizia majirani watano. Mjukuu wake, ambaye anajiona fundi, alikosea mara mbili.

Mwanamke huyo hashindwi na tarakimu. Alipewa muda, akaambiwa kwa sauti ya mtu, akapata kitu cha kuandika, na mita haikumwondoa kwenye ukurasa kwa sababu amechelewa kubonyeza. Ukimpa masharti hayo anaweza kuwafundisha wengine.

Niseme na upande wetu pia, kwa sababu nasi tuna kosa. Binti yangu akimwona bibi yake anatafuta herufi kwenye simu, anaichukua mkononi mwake: "Bibi lete nikufanyie." Sekunde kumi imekwisha. Mimi nafanya vivyo hivyo kutokea Dar, kwa namba ya siri ambayo sikutakiwa kuwa nayo, kwa sababu nimechoka na niko kwenye foleni ya mwendokasi. Krismasi iliyopita mama alimnyang'anya mjukuu simu yake, kwa upole, akamwambia, "Ukimfanyia mwenzio hesabu yake, hujamfundisha, umemnyamazisha." Binti yangu alinitazama. Nami sikuwa na la kujibu.

Na msidhani madhara yanaishia kwa mstaafu mmoja na dirisha moja. Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Alikopa shilingi 60,000 kwenye programu ya simu, riba ikapanda kila siku, akachelewa. Waliomkopesha waliingia kwenye orodha yake ya majina, wakamtumia mama ujumbe kwamba mwanawe ni mwizi na polisi wako njiani. Mama alikaa siku mbili ndani, amefunga mlango, presha imepanda. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, na tulishukuru. Lakini mama hakuwa na dirisha la kwenda kuuliza kama ujumbe ule ni wa kweli. Alinisubiri mimi. Wasio na mtoto mjini wanamsubiri nani?

Ninachoomba, basi, kianzie pale kwa mlinzi.

Mrudishieni shahidi mstari wake. Mzee akishindwa na mashine, mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati au kiongozi wa dini anayejulikana aruhusiwe kuthibitisha kwa jina lake, kwa saini na muhuri, kwamba mtu huyu namfahamu na nimemwona leo. Anayedanganya mshtakini, jina lake mtakuwa nalo, jambo ambalo kamera haiwezi kuwapa. Na hadi uthibitisho huo ufike, malipo yaendelee kwa miezi mitatu. Mkiona mmelipa aliyekufa, warithi wake mnawajua. Mkimnyima aliye hai, dawa za presha hazisubiri.

Mtoto anayemsaidia mzazi naye apate nafasi ya halali. Benki zimejua siku nyingi kuwa na akaunti ya saini mbili. Hati ya uwakilishi ipo kisheria. Kwa nini mama asiweze kwenda kwa wakala, kwa kidole chake, akasema: binti yangu huyu aone taarifa zangu, aombe kwa niaba yangu, lakini asitoe pesa, na kila akigusa kitu mimi nipate taarifa? Siku hiyo nitaisahau namba yake ya siri kwa moyo mweupe. Leo mnaniweka mahali ambapo ama navunja masharti, ama mama anakosa dawa.

Binti wa stesheneri mtambueni. Wakala wa pesa amesajiliwa, amefundishwa, ana namba yake na kumbukumbu za kazi yake. Mpeni na huyu namba, mafunzo ya wiki moja, na namna ya kuwahudumia watu bila kuandika maneno yao ya siri. Atawashukuru, alinishukuru mimi kwa kumuuliza tu.

Kuhusu vidole naomba mkumbuke jambo moja. Laini ziliposajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ukiwa tarehe 31 Desemba 2019 na baadaye kusogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, vidole vya mama vilisomeka mara ya saba. Miaka 38 ya chaki na jembe imevisugua. Jirani yetu aliyekata mkonge maisha yake yote hakusomeka kabisa, na laini yake ikafungwa. Dole gumba lile lile ambalo zamani lilimwokoa asiyejua kuandika ndilo lililomfungia mlango. Kila mnapoweka kidole au uso kuwa ufunguo, wekeni pia njia ya yule ambaye kidole na uso vimechakaa kwa kulitumikia taifa.

Na kisomo kirudi. Karibu kila kijiji kina shule, na jioni madarasa ni matupu. Wako walimu wastaafu wengi wenye nguvu na subira kama mama, ambao wakifundishwa wiki mbili watawafundisha rika lao kusoma ujumbe wa utapeli, kuilinda namba ya siri, kuomba namba ya malipo, kumjua wa kumlalamikia. Walipeni posho ndogo. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilianzia kwenye pamba na mizani. Hivi vianzie kwenye kitochi. Laini za simu nchini zimepita milioni 80 wakati sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Laini zimefika kila mahali. Mwalimu wa kuzieleza bado hajatumwa.

Mama amepasuliwa jicho mwezi Februari na sasa anaona vizuri. Tumemnunulia simu janja, na anaishika mwenyewe. Nimejikataza kuichukua mkononi mwake. Ameandika hatua zote za uhakiki kwenye daftari, zimejaa kurasa mbili na nusu. Hata hivyo kila tukiongea ananiuliza swali moja, kwa sababu anawafikiria wenzake ambao hawajapasuliwa jicho na hawana mtu Dar: je, safari hii ule ubao utakuwa umeondolewa dirishani? Uhakiki ni Septemba. Naomba mnipe jibu nimpelekee.

Wenu,
Binti wa mwalimu mstaafu,
Korogwe na Dar es Salaam